Bi Mwatum na Mpiga Fidla Asiyetunzwa

Siku hizi maua ya harusini ni ya plastiki. Yanafutwa vumbi kwa kitambaa, yanarudishwa kabatini, yanangoja bibi harusi mwengine. Bi Mwatum binti Makungu hakuwahi kuyaona, Mungu alimpenda. Yeye alikuwa mtunga vikuba wa Bububu. Alichuma asumini zingali tumba, akazifunga pamoja na rihani vishada vidogo vidogo, akapanda gari ya shamba mpaka Darajani. Huko wanawake wa mjini wakivinunua na kuvibandika kifuani, na mume aliyetoka nyumbani amenuna alirudi kabla ya wakati wake.

Alikuwa mjane mfupi, mkavu, na sauti yake ilikuwa haina kipimo. Akimwita mtu Bububu, watu wa Mtoni waliitika naam.

Duniani alibakiwa na ndugu mmoja, Usi, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki na mtoto hajaota meno ya pili. Usi alikuwa seremala Mkunazini, na usiku mmoja mmoja alipiga fidla katika kilabu chao cha taarabu. Kila alipopiga, Bi Mwatum alikuwepo na mrashi wake wa fedha umejaa marashi mawaridi. Kwani mila ilikuwa hivi: mpigaji akikukonga moyo, hukai kitako ukamtazama kama unatazama mvua. Unainuka, unakwenda kwa madaha mpaka mbele, unamtunza. Mwenye shilingi atie shilingi, mwenye ua atie ua, mwenye marashi amrashie. Mpigaji aliyeshuka jukwaani bila ya kutunzwa na hata mtu mmoja alirudi kwao kwa vichochoro. Na mila hiyo ilikuwa na upande wa pili, ambao vijana wa leo hawaujui kwa kuwa hata huo wa kwanza hawaujui: anayetunzwa hakatizi. Kukata muziki hali mtunzaji yuko mbele yako ni kumtukana hadharani.

Basi mwaka wa hamsini na sita mjini palikuwa na okestra ya mchanganyiko, Wazungu, Wagoa na Maparsi wawili watatu, waliokutana kwa mapenzi yao kupiga muziki wa Ulaya. Aliyewaongoza ni Bwana Kaitano, mwalimu wa muziki, Mgoa mzaliwa wa hapa hapa. Fidla yao kubwa kuliko zote, ile inayopigwa kwa kusimama na inayompita mtu kimo, ililiwa na mchwa shingoni. Bwana Kaitano akaipeleka kwa Usi. Usi akaitia kiraka, akaitia gundi, kisha ili ajue kama imepona, akaipiga. Bwana Kaitano, aliyekuja kuichukua, alisimama mlangoni kofia mkononi mpaka Usi alipomaliza. Mzungu wa kuipiga alikuwa amekwenda likizo kwao, na onyesho lilikuwa limekaribia.

Usi hakujua kusoma noti. Bwana Kaitano akamwimbia sehemu yake yote kwa mdomo, dum, dum, dum, wiki tatu, katikati ya mbao na maranda, hata wapita njia wakadhani Mgoa kapandwa na shetani.

Onyesho lilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa skuli moja ya mjini. Bi Mwatum alivaa buibui jipya, akachukua mrashi na kikuba kimoja kikubwa, akamchukua na jirani yake Bi Mize. Wakakaa safu ya nyuma. Usi alikuwa kwenye pembe ya jukwaa, ndani ya koti la kuazima lililomwishia juu ya vifundo vya mikono, na mbele yake pamewekwa karatasi ya noti kwa heshima tu.

Bwana Kaitano akaingia, akainama, kisha akawapa watu mgongo. Bi Mwatum hakulipenda hilo.

Muziki ukaanza. Bi Mize akauliza mwimbaji yuko wapi. Bi Mwatum akamwambia kwamba hii ni bashraf, muziki mtupu wa kufungulia, mwimbaji atakuja. Wakangoja. Bashraf ikapanda, ikashuka, ikalala, ikaamka, na mwimbaji hakutokea.

"Shoga," alinong'ona Bi Mize, "bashraf gani hii? Ningeweka wali ungeshaiva."

Lililomshangaza zaidi Bi Mwatum lilikuwa watu. Hapana aliyesema Allah. Hapana aliyetikisa kichwa. Bibi mmoja wa Kizungu alishikwa na chafya akaizika ndani ya leso kama aliyeiba. Muziki ukikatika kidogo walikaa vile vile, kisha kwa pamoja wakapiga makofi, yakaisha kwa pamoja pia. Na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda mbele.

"Sasa Usi atashuka hivyo hivyo?" aliuliza Bi Mize.

Neno hilo lilimchoma Bi Mwatum. Watu mia mbili, na ndugu yake asitunzwe! Alijiambia kwamba atangoja, huenda Wazungu wana wakati wao maalumu. Wakaanza muziki mwengine, wa polepole. Fidla ndogo zikateremka mpaka zikawa kama mtu anayepumua usingizini, na chini yake ikasikika ile kubwa peke yake. Usi ameweka upinde chini, anazidonoa nyuzi kwa kidole. Kama kuna wakati wao, basi ndio huu. Bado hapana aliyeinuka.

Bi Mwatum akainuka yeye.

Alishika njia ya katikati kwa mwendo wa mtunzaji, hatua moja na bega moja, mrashi umeinuliwa juu. Usi alimwona akamtikisia kichwa. Bi Mwatum akafurahi, akaona muziki umemwingia. Akapanda vidato vitatu vya jukwaa, akampachika kikuba kwenye koti, akamrashia kichwani. Matone mengine yakaangukia karatasi za bibi aliyekuwa akipiga fidla karibu, na noti zake zikaanza kulia wino.

Bibi yule akasita. Wa pili wake akasita. Bwana Kaitano akageuka, fimbo yake ya kuongozea ikashuka, na okestra nzima ikanyamaza.

Hapo ndipo Bi Mwatum alipoutazama ukumbi. Aliona nyuso mia mbili na hakuona hata jino moja. Akajua kuwa amekosea, ingawa hakujua kosa lenyewe ni lipi. Kurudi kwenye kiti, njia nzima ile, katika ukimya ule, aliona hawezi.

Dum, ikasema fidla kubwa. Dum, dum.

Usi hakukata. Fimbo ilikuwa chini, wenziwe wamekaa na pinde mapajani, naye anadonoa peke yake, marashi yanamtiririka puani, macho yake kwa dada yake.

Bwana Kaitano alimtazama Usi, akamtazama Bi Mwatum. Alikuwa amelelewa mjini, na harusi za majirani alizila tangu yumo katika kaptura. Akainamisha kichwa.

"Bi Mwatum," alisema taratibu, "na mie je?"

Akamrashia. Akamrashia barabara, miwani na yote. Bwana Kaitano akainua fimbo bila ya kujifuta, mmoja mmoja wakaingia nyuma ya fidla ya Usi, na Bi Mwatum akarudi kwenye kiti chake juu ya muziki, kwa mwendo ule ule aliojia.

Mwaka uliofuata Mzungu wa likizo alikuwa amesharudi, na karatasi ya onyesho iliwaomba wasikilizaji wasiondoke vitini. Ombi hilo limekubaliwa kupita kiasi. Hata kwenye taarabu zetu watu sasa hukaa kama magunia bandarini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ndugu wawili walitoka ukumbini pamoja, na Bi Mize nyuma yao akizuia kicheko kwa ukaya wa buibui. Usi alitembea ananukia kama chumba cha bibi harusi.

"Dada," alisema, "iko siku utaniua kwa aibu."

"Nikuue," alijibu Bi Mwatum. "Lakini utakufa umetunzwa."