Chembe za Baba

Majuzi nilishuka Mbamba Bay kwa shughuli zangu, upepo ukaniletea harufu ya usipa, wale dagaa wa ziwa letu, walioanikwa kwenye vichanja. Nikajiona, mwenzangu, nimerudi kuwa binti wa darasa la sita kijijini kwetu Lundo.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na mitumba, baada ya uhaba tuliouzoea. Baba aliacha nyavu, akawa anawavushia wafanyabiashara mizigo yao ziwani kwa mtumbwi. Siku moja mawimbi yaliurudisha mtumbwi mtupu. Tuliomboleza bila kaburi. Padri alisimama ufukweni akayaombea maji. Nikabaki na bibi, mama yake baba.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana mgeni kutoka Ruanda, si ile nchi bali kijiji cha huko milimani kwetu kwenye kahawa. Asubuhi moja alivunja chaki, akaisaga mpaka ikawa unga, akaupuliza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema hata unga ule umejengwa kwa atomu, na atomu ina elektroni, protoni na nyutroni, na ndani ya protoni zimo chembe nyingine ziitwazo kwaki, ambazo hakuna aliyeweza kuzigawa. Kitu kikioza, alisema, chembe zake hazipotei. Zinahamia kwenye udongo, kwenye mmea, kwenye samaki.

Nikanyoosha mkono. "Na mtu aliyezama, mwalimu?"

"Hata yeye. Zake zimo majini."

Mwalimu akaziona nyuso za wenzangu, akaelewa. Akageukia ubao, akawa anafuta mahali pasipo na maandishi.

Tangu siku ile samaki hakunipita kooni. Nilikula ugali wa muhogo kwa chumvi, na maji nikayanywa nimefumba macho. Nilikonda. Bibi alidhani ni homa, kisha akahisi nimerogwa, akanichemshia majani machungu. Mwishowe nikamweleza yote huku nalia, kwamba naogopa kumla baba.

Bibi aliacha kusonga ugali. Kisha akachukua usipa mmoja, akamweka kiganjani mwangu.

"Baba yako alikuwa akitulisha," akasema. "Kama yumo humu, basi hajaacha. Kula, mjukuu wangu."

Nikala. Naye akala, machozi yakimtiririka, na habari hiyo hatukuirudia. Ila kuanzia kesho yake, kila alipoteremka kuchota maji, aliinama kwanza akauliza taratibu, "Umeamkaje, mwanangu?" Kisha alingoja. Mimi nyuma yake nilisisimka mwili, maana mara nyingine aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

Mwalimu hakukaa sana. Mshahara haukumtosha, akaacha shule akaenda kuuza mitumba Songea. Bibi tulimzika, na nyumba yake imebaki msingi tu. Safari hii ya majuzi nilifika Lundo, mpaka pale bibi alipokuwa akichotea maji. Watoto waliteremka na ndoo zao, wakazizamisha, wakaondoka wanacheka. Hakuna aliyeyasalimu maji.

Nikainama nimsalimu baba. Nikainuka, sijamsalimu. Niliogopa ataitika.