Malisa

Kuna watu Migori ambao mpaka leo hawaitikii salamu yangu. Tukikutana stendi wanageuza shingo, utadhani niliwaibia. Sawa tu. Mimi pia nina hasira zangu, na zangu ni za zamani kuliko zao.

Niliichezea timu yao misimu kumi na mmoja. Katika misimu hiyo yote sikuanza mechi ya ligi hata moja. Hata moja! Nilikuwa mchezaji wa akiba, tena wa dakika ya sabini. Kufikia hapo mabeki wa watu wamechoka, pumzi zimekata, na mimi miguu yangu ingali mipya. Mashabiki wangeanza kugonga mabati ya uwanja wakiimba, "Malisa! Malisa!" Sisi Waluo herufi ya z hutushinda, kwa hiyo "maliza" yetu hutoka hivyo, na mgeni angeweza kudhani tunatafutia ng'ombe majani. Nami nikiingia nilimaliza kweli. Nilifunga mabao ya dakika za lala salama, nikabebwa juu juu, na Jumamosi iliyofuata nikarudi kusugua benchi.

Waliniita silaha ya siri. Neno hilo silipendi hata kidogo. Silaha gani inavalishwa bibu la kijani la wachezaji wa akiba, lisilofuliwa tangu Januari, inakalishwa kwenye ubao wenye msumari, halafu inatumwa kupeleka maji? Maana timu yetu haikuwa na mtu wa maji. Mchezaji akianguka, sisi wa benchi ndio tuliokimbia na kreti la chupa. Na kwa kuwa nilikuwa na mbio kuliko wenzangu, kreti lilikuwa langu.

Kocha alikuwa na duka la vipuri mjini Migori. Alitoka Pwani miaka mingi iliyopita, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata anapokutukana. Nikimuuliza kwa nini sianzi, alicheka. "Wewe nikuanzishe nikuharibu?" Ukitaka kujua kosa langu, ni kwamba nilifunga bao siku ya kwanza aliponiingiza nikitoka benchi. Ningekosa, labda angenijaribu kwingine.

Haya yote ningeyavumilia kama si mama.

Mama anaishi kisiwani Mfangano. Huanika omena, dagaa wetu wa ziwani, na kuzileta Homa Bay kwa boti. Kila mwaka timu yetu ilipocheza ugenini Homa Bay, alipanga safari yake ya soko iangukie siku hiyo. Aliuza asubuhi, akala, akaja uwanjani na kukaa kwenye tuta la nyasi, leso amejitanda kichwani kwa sababu ya jua. Mechi ilianza saa tisa. Boti la kurudi kisiwani liliondoka saa kumi kamili na halikumsubiri mtu. Kwa hiyo mama alitazama kipindi cha kwanza, akajipangusa nyasi na kuondoka wakati wa mapumziko. Mimi niliingia dakika ya sabini, yeye akiwa amekwisha kuwa majini. Miaka kumi alikuja, na miaka kumi hakuniona nikigusa mpira.

Sikuwa mtu wa kujisifu mbele yake. Kwenye simu nilimwambia tumeshinda au tumeshindwa, basi. Naye aliuliza, kila mara, kama maji ya Migori ni safi. Nilidhani anaogopa kipindupindu.

Msimu wa kumi na mmoja goti langu la kulia lilianza kulia kama bawaba, nikajua ni wa mwisho. Nikaenda dukani kwa kocha nikamweleza mambo ya boti. Sikuona haya. Nilimwambia, "Kocha, mara hii tu. Homa Bay nianze, mzazi wangu anione."

Alikuwa anahesabu bolti za pikipiki. Hata hakuinua uso. "Homa Bay utaanza mapema, bwana. Nimekuahidi."

Utaanza! Nililibeba neno hilo kama yai. Nilimpigia mama simu usiku huohuo. "Mara hii usichelewe," nikamwambia. "Naanza." Akasema vizuri, na Mungu ni mkubwa.

Siku ilipofika alinikuta langoni. Mkononi alikuwa na dumu jipya la njano, lenye bomba dogo chini, alilonunua sokoni. "Nyathina," akaniambia, mtoto wangu, "hili litakusaidia kazini." Mimi nachomelea milango na madirisha, nikadhani amenihurumia joto la karakana. Nikamshukuru na kuliweka chini ya benchi.

Halafu kocha akasoma kikosi. Kipa, mabeki, viungo. Akafika kwa washambuliaji, akafunga daftari. Sikuwemo.

Nilimshika mkono mbele ya wote. "Kocha, si ulisema nitaanza?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa ugomvi wetu umetoka wapi. "Nilisema utaanza *mapema*. Leo nakuingiza kipindi cha pili kikianza tu. Siyo dakika ya sabini. Hujafurahi?"

Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililonichoma. Kwake alikuwa amenipa zawadi. Nilivaa bibu. Nilikaa juu ya msumari wangu. Tulikuwa tunahitaji sare tu tupande daraja, na kabla ya nusu saa tulikuwa nyuma bao moja. Beki wetu akaanguka, wakaita maji, nikakimbia na kreti mbele ya mama yangu, macho yakiniwaka kwa hasira. Nilimwona kwenye tuta akinyoosha shingo ili anione vizuri.

Refa akapuliza mapumziko. Mama akasimama, akajipangusa nyasi. Papo hapo kocha akapiga makofi: "Vua bibu! Ndiyo saa yako!" Na kule nyuma ya mabati mashabiki wetu wameshaanza: "Malisa! Malisa!"

Nilivua bibu. Nikalitupa miguuni mwa kocha na kutoka langoni na bukta yangu na njumu zangu, nikimfuata mama. Nilisikia kocha ananiita, kwanza kwa upole, halafu kwa matusi. Hilo ndilo Migori hawanisamehe, na siombi msamaha.

Nilimpata karibu na gati. Nikamtua gunia lake la unga na kulitia begani kwangu. Njumu zilikwangua lami, kra, kra, watu wakitutazama. Nilikuwa nimepanga kumwambia yote: msumari, mabao, miaka kumi na mmoja. Lakini yeye ndiye aliyeanza, na alianza kwa kugombeza.

"Umewaacha na nani?"

"Nani, mama?"

"Wale watoto wanaokimbia. Jua hili lote! Nani anawapa maji?" Alisimama katikati ya njia. "Mimi kule kisiwani nawaambia wanawake, timu ile bila mwanangu ingekufa kiu. Nikakununulia dumu. Na kwenye simu uliniambia unaanza kazi mapema, nikaja, nimekuona umekimbia vizuri kuliko miaka yote. Sasa unaacha kazi nusu?"

Niliangalia uso wake. Hakukuwa na aibu pale, wala hakuwahi kuwa nayo. Hasira yote niliyokuwa nimembebea kocha ikakosa pa kwenda.

"Wameshakunywa, mama," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Akaridhika. Nikaingiza gunia lake botini, nikamshika mkono akapanda. Kutoka uwanjani bado walikuwa wakigonga mabati, wakiniita nije nimalize.