Bangili ya Kijani kwenye Mnada wa Mavuno

Nimesomea vioo vya kale vya Wachina. Nikisema hivyo hapa Kahama watu huuliza kama ni vile vya madirishani. Si vya madirishani. Ni shanga na visahani vidogo vilivyofukuliwa makaburini baada ya kukaa udongoni zaidi ya miaka elfu mbili. Niliondoka mtaani kwetu Nyahanga kwenda China kwa ufadhili, nikarudi na shahada ya pili, na sasa nashinda kwenye duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, nikimtafsiria mwenye duka Mchina maneno ya wateja wake. Mengi ni matusi. Nayatafsiri kwa adabu. Nikipishana na mwalimu wangu wa zamani navuka barabara asije akaniuliza nafanya kazi wapi.

Mama yangu haoni aibu hata chembe. Majirani walimpachika jina la Mama China tangu nilipopanda ndege, naye huitika utadhani ameitwa Mama Askofu. Mkononi alikuwa na bangili ya kijani niliyomletea likizo ya kwanza, nilipokuwa bado sijui kushika hata kibano cha maabara. Muuzaji aliniambia ni yu, jiwe la kijani ambalo Wachina hulienzi kuliko sisi tunavyoienzi dhahabu. Nikaamini. Mama akaivaa, na tangu siku hiyo akawa anachota maji, anapepeta mchele na kuimba kwaya akiwa nayo.

Masomo ndiyo yaliyoniharibia. Zamani hizo kila Mchina mwenye jina alitaka kuzikwa na yu, kwa kuwa waliamini jiwe hilo linatunza mwili usioze. Lakini yu ilikuwa ya wakubwa. Basi mafundi wakayeyusha mchanga pamoja na madini ya risasi na bariamu, wakapata kioo kizito chenye rangi iyo hiyo, wakamimina visahani vyenye tundu katikati mfano wa vile vya mawe. Wakatengeneza hata mdudu nyenje wa kioo wa kuwekwa juu ya ulimi wa maiti. Ni mchanganyiko huo wa risasi na bariamu unaotuonyesha leo kwamba kioo fulani kilipikwa kwao, hakikuletwa na misafara kutoka magharibi kama zile shanga za mwanzo zenye madoa mfano wa macho. Vingi vya visahani hivyo hupatikana kwenye makaburi ya watu wa kawaida. Chuoni tulikesha tukibishana kama wafiwa walijua kwamba wanamzika mzee wao na kioo, au na wao waliuziwa kama nilivyouziwa mimi.

Maana niliporudi nyumbani niliishika ile bangili mara moja tu nikajua. Ilipata joto la kiganja upesi mno; jiwe la kweli hukawia kupata joto. Nikaiangalia kwa lenzi, nikaona viputo vya hewa ndani na mstari mwembamba wa kalibu upande wa ndani. Kioo kitupu, tena cha juzi. Mama aliniuliza naangalia nini, nikasema naangalia kama ina ufa. Akacheka, akasema jiwe halipati ufa kwa mchele.

Mwaka huu majaruba yetu yalikauka kabla mpunga haujatoa mashuke. Kwa hiyo ilipofika Jumapili ya mavuno, watu wakabeba magunia, maboga, karanga na majogoo waliofungwa miguu, mama alikuwa hana kitu. Mwanakwaya wa miaka yote aingie mikono mitupu? Alikwenda mbele akiimba, akavua bangili, akaiweka mezani katikati ya maboga. Sikuwa nimeambiwa. Niliogopa, kwa sababu kwetu sadaka ya mavuno haiishii mezani. Ibada ikiisha hupigwa mnada humo humo kanisani, na kila mtu huona kitu chako kimegombewa au kimedoda.

Mpiga mnada wetu ni mzee wa kanisa ambaye siku za kazi hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wanaotoka pande za Bugarama. Ana mdomo huyo! Aliuza majogoo kana kwamba wanataga. Ilipofika zamu ya bangili akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

“Jiwe la China hili, wapendwa! Jiwe la wafalme! Nani anaanza?”

Akaanza mjane mmoja anayekaanga mihogo karibu na stendi. Nilimwona anafungua fundo la khanga yake. Mtu yule hana hata bati zima juu ya nyumba.

“Mama wa mihogo ameanza!” mzee akapaza sauti. “Na kama kuna mwenye wasiwasi, mtaalamu wa mambo ya China tunaye. Simama, mwanangu, utuambie hili ni jiwe gani.”

Nikasimama. Mama alinigeukia, uso ukimeremeta, maana ndiyo siku aliyokuwa akiingoja: binti yake anaulizwa jambo mbele ya kanisa zima. Nikamtazama yule mjane na lile fundo. Nikasema, “Ni kioo.”

Ningenyamaza hapo. Badala yake nikaanza kulipamba jibu langu. Nikasema kioo si aibu, Wachina wenyewe walizikana nacho, nikataja makaburi, nikataja maiti, nikataja ulimi wa maiti, kanisani, siku ya mavuno. Nilivyozidi kueleza ndivyo watu walivyozidi kutazama sakafu. Mjane akafunga fundo lake. Mama akawa anausugua mkono pale ilipokaa bangili, kama mtu anayewashwa.

“Haya,” mzee akasema taratibu, “ni kioo. Nani anachukua kioo?”

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee akaanza kuirudisha mezani, na mimi nikaona jinsi itakavyobaki pale baada ya maboga yote kwenda, sadaka ya mama yangu, imekosa mtu. Nikanyoosha mkono. “Mimi naichukua.” Nikataja bei kubwa kuliko ya mjane, ili mama asikie.

Kwanza ulikuwa mguno. Kisha kanisa zima likaangua kicheko.

“Kumbe!” Mzee alikuwa anafuta machozi. “Wewe binti, mimi nanunua dhahabu hujazaliwa. Mchimbaji akija na mzigo mzuri namwambia nini? Namwambia huu una shaba tupu, peleka kwa mafundi baiskeli. Akishakata tamaa natoa pesa haraka haraka. Unataka kunifundisha mimi kuponda?”

“Ni kioo kweli, mzee. Naapa.”

“Mbona unakitaka?”

“Kwa sababu ni cha mama.”

Wakacheka zaidi. Mwanamke mmoja mwenye karasha zake tatu, mteja wetu dukani, akasimama na kutaja bei ya juu yangu. Nikapandisha, kumzuia asinunue upuuzi. Akapandisha. Kila nilivyonyoosha mkono nilikuwa najitolea ushahidi mwenyewe kwamba nilisema uongo, na kila nilivyosema ukweli nilikuwa napandisha bei. Nikakaa.

Bangili ikauzwa kwa bei ambayo gunia la mchele halikufika. Vigelegele vikapigwa, mama akaitwa mbele, akachezeshwa, akapeperushiwa vitambaa. Alicheza vizuri. “Wabeja! Wabeja sana!” alikuwa akiwashukuru huku na huku. Hakutazama upande wangu. Mjane wa mihogo alinitazama yeye, tena sana, kama mtu aliyetolewa tonge mdomoni.

Tulirudi kwa miguu. Nilieleza njia nzima. Nilieleza viputo, nilieleza mstari wa kalibu, nilisema kesho nitaenda na lenzi kwa yule mama wa karasha nimwonyeshe, nimrudishie pesa zake kidogo kidogo. Mama alikuwa anaitikia salamu za watu tu, shikamoo, marahaba, za kanisani, nzuri. Tulipofika uani akaketi kwenye kigoda, akavua viatu, akanishika mkono kwa upole kama anavyonishika nikiwa mgonjwa.

“Ng’wanone, mwanangu,” akasema, “kama uliihitaji si ungeniomba tu? Ningeivua nikakupa.”