Fungu la Mdogo Mtu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji asiyemsahau hata mdudu aliye chini ya jiwe, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na macho ya kusoma na magoti ya kusujudu. Namshukuru hata kwa haya ninayoyaandika, ingawa ni shubiri mdomoni.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, hapa Gisenyi. Nilikuwa nikisomesha elimu ya mirathi msikitini baada ya alasiri, na kazi haikukosekana, kwa maana vita vilikuwa vimeacha nyumba nyingi kuliko wenye nyumba. Familia zilizokubali kugawana kwa sheria ya dini zilikwenda kwa kamati ya msikiti, na kamati ilichoka kusingiziwa upendeleo. Shirika moja la wafadhili likaahidi kuipa kompyuta yenye programu ya mirathi: unaingiza jamaa wa marehemu, mashine inatoa fungu la kila mmoja. Lakini kwanza walitaka programu hiyo ipimwe mbele ya watu, kwa shindano. Washindani wangeichunguza, kisha kila mmoja aseme ni sahihi au ina kosa, na athibitishe neno lake.

Waliolingoja shindano hilo kuliko wote ni dada wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, wauza nyanya waliovuka kwenda Goma kila asubuhi. Dada yao wa kwanza alikuwa amefariki, akaacha mume na nyumba karibu na mpaka. Mtoto hakuacha. Wazazi na kaka zao walikuwa wametangulia wote. Kamati iliwaambia, ngojeni mashine. Yule mdogo alikuwa akilala na wanawe katika ghala la jirani, na alichokitaka katika nyumba ile ni sehemu ya kutosha chumba kimoja chenye mlango.

Washindani walikuwa wawili. Mmoja kijana aliyerudi kutoka Uganda. Yeye aliipa mashine familia nyingi kadiri alivyoweza na kutazama majibu. Wa pili mwalimu wa hesabu, mama aliyerudi kutoka Goma, Mkristo. Alikuja kwangu, Biblia mkobani, akaomba nimfundishe mirathi.

"Mzee, mi sitafuti mifano," aliniambia. "Mifano elfu inaweza kukubali, halafu moja inakataa. Natafuta sababu yenye itashika kwa watu wote."

Alikaa barazani kwangu na penseli, akiifuata programu mstari kwa mstari. Aliuliza, kama hakuna mtoto? Kama hakuna baba? Kama hakuna kaka? Kila swali lake lilikuwa na sura ya mtu niliyemjua. Siku moja penseli ilisimama. Programu iliwapa warithi mafungu yao mmoja baada ya mwingine, na mafungu yakizidi mali, wa mwisho aliachiwa kilichobaki. Katika dini yetu haiwi hivyo. Mafungu yakizidi mali, kila mrithi hupunguziwa kwa kadiri yake. Wanachuoni huiita auli, na kila mwanafunzi wangu aliijua.

Siku ya shindano ukumbi wa shule ulijaa. Mwamuzi, bwana mmoja kutoka Kigali aliyekulia Tanzania, alikuwa ameandika kanuni ubaoni: programu ni sahihi ikiwa mafungu yote yakijumlishwa yanatimiza mali, bila kuzidi wala kupungua. Kijana akasema ni sahihi. Mwalimu akasema ina kosa.

"Tuonyeshe, mwalimu."

"Ingiza mume na dada wawili. Bila mutoto, bila muzazi, bila kaka."

Mwamuzi akatabasamu. "Familia ya namna hiyo utaipata wapi? Umewaua wote ili ushinde?"

Waliokuja naye kutoka Kigali walicheka. Wa Gisenyi hatukucheka.

"Haiko mi niliwaua, mukubwa. Ingiza tu."

Mashine ikajibu: mume nusu, dada aliyeingizwa kwanza thuluthi, wa pili sudusi, yaani moja ya sita.

"Jumla?" aliuliza mwamuzi.

"Imetimia," alisema kijana.

"Basi kanuni imetimia."

"Lakini hawa ni wa tumbo moja!" Mwalimu alisimama. "Mumoja anapata mara mbili ya mwenzake, juu ya nini? Juu jina yake iliingia mbele?"

"Kanuni haikuuliza hilo, mwalimu."

Nilisimama nikaeleza auli. Mwamuzi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee wetu, tunakuheshimu. Lakini hili ni shindano la programu, si darasa la msikiti." Kijana akapewa zawadi. Kwa kanuni ile, alistahili. Hapo ndipo penye uchungu: walithibitisha barabara kilichoandikwa ubaoni, na kilichoandikwa ubaoni ndicho kilichokuwa kibovu.

Mwenyekiti wa kamati tulikuwa tumesoma naye auli, kwa shehe mmoja, mkekani. Aliitazama kompyuta mpya ndani ya nailoni yake, akaninong'oneza, "Tusiwaudhi wafadhili. Tutarekebisha baadaye, inshallah." Mungu ndiye anayejua aliitia nini katika inshallah ile.

Wale dada walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitwa na kamati mbele ya mashine. Katibu alimwingiza mume, na alipouliza kati ya dada aanze na jina la nani, mdogo ndiye aliyejibu, kwa sababu ndivyo mama yao alivyomlea: "Anza na dada mukubwa. Ni heshima."

Kwa heshima hiyo akapata sudusi.

Nilimwendea mkubwa, nikamsihi amrudishie mwenzake haki yake. Alikuwa akipanga nyanya kwenye beseni, hakuinua macho. "Shehe, mashine haina ndugu. Mi nilikamata chenye ilinipa."

Kile kilichomfikia mdogo hakikutosha chumba. Alihamia Goma na wanawe. Nilikuwa nikimwona akipita mpakani, beseni kichwani, na akikutana na dada yake husogea kando, akampisha apite mbele.

Ewe unayesoma, Mungu akupe fungu lako kamili, na wakikuweka wa mwisho, Yeye asikuachie mabaki.