Punguzo la Wenye Magari

Nina aibu, lakini nitasema. Kanisani binti mmoja alitangaza kwamba kuna punguzo la umeme wa nyumbani. Mimi sikungoja amalize. Tangu nizaliwe, punguzo nimeona wakipewa maskini tu. Nikawakusanya wajane watatu wa jengo letu hapa mtaa wa Albert Park, ugenini, akiwemo Mama Furaha, ambaye wiki nzima alikuwa gizani na mama yake mgonjwa kwa kukosa pesa ya umeme. Nikamwambia, "Leo utawasha taa."

Kwenye ofisi ya umeme, mbele yetu kwenye foleni alisimama mwanaume wa suti, ufunguo wa gari mkononi. Nikamkaripia mbele ya watu.

"Wewe mwenye gari unatafuta nini hapa? Hata msaada wa wajane unataka kula?"

Akatupisha mbele.

Karani akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha ya huku, "Gogo, gari lako la umeme ni la aina gani? Na ile pampu ya kupasha maji, nyumbani unayo?"

Eish! Yule mwanaume akasema nyuma yangu, kwa Kiswahili safi, "Bibi, punguzo hili ni la sisi wenye magari hayo."

Mama Furaha akanishika mkono. "Twende, bibi. Giza nimeshalizoea."