Shikome la Mama Yangu

Mama alikuja kwangu Mkolani kutolewa mtoto wa jicho, na siku ya kwanza tu akaniambia hakuja kukaa. Alikuja na mfuko mmoja, khanga tatu na tarehe ya kuondoka. Daktari alikuwa amesema anaweza kusafiri baada ya wiki mbili, basi mama akahesabu kwa vidole, akapata Jumamosi, akaniagiza nimkatie tiketi ya basi la asubuhi pale Nyegezi. Nikahesabu na mimi. Siku kumi na nne. Nikarudia, labda zingeongezeka. Hazikuongezeka.

Mimi nilitaka akae, tena akae kabisa. Kijijini alibaki peke yake na mbuzi sita na jirani mwenye masikio mazito, na mwaka huo alikuwa ameshaanguka mara mbili njiani kwenda kisimani. Nikampanga maneno kama ninavyowapanga wateja wangu wa sufuria kule Igoma: chumba chako hiki hapa kina dirisha, maji yapo bombani, hospitali ipo karibu. Alinisikiliza kama mteja asiye na haraka.

"Nyumba nzuri, mwanangu," akasema. "Ila jioni nyie huwa mnaelekea wapi?"

Sikumwelewa.

"Wote mnatazama ukuta." Alimaanisha televisheni. "Na mimi na jicho langu hili la kushonwa, nikae nitazame ukuta?"

Siku hiyo ndiyo niliamua kujenga mahali pa moto nyuma ya nyumba.

Kwenye simu nilishaona wanavyojenga watu wa mjini, duara la mawe na viti vya kukunja. Lakini kichwani mwangu lilikuwepo shikome la babu. Kule kwetu Usukuma, shikome ni moto wa uani unaowashwa jioni kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Wanaume na wavulana wanauzunguka, wanakula hapo, wanafundishwa hapo. Sisi wasichana tulikuwa jikoni. Nilikuwa nachungulia mlangoni nahesabu migongo. Kumi na mmoja. Nikirudia, kumi na miwili, maana babu mdogo alikuwa na tabia ya kulala ubavu. Mpaka leo nikisikia harufu ya samadi inayoungua napunguza mwendo, hata kama nimechelewa.

Mawe nilinunua kwa dada mmoja anayeuza kando ya barabara ya kwenda ziwani. Alikuwa na malundo mawili. Moja la mawe ya mlimani, meusi, yenye kona. La pili la mawe ya ziwani, ya mviringo, laini kama mayai. Nikayapenda ya ziwani. Sasa mimi nina kanuni moja ya sokoni ambayo sijawahi kuivunja: muuzaji usimwambie kitu unakitakia nini. Akishajua shida yako, ameshajua bei.

"Karibu dada. Unajengea nini?"

"Bustani tu. Ya maua."

"Maua ya mtu mwenye hela hayo."

"Maua ya mtu mwenye mbuzi. Hata hayachanui."

"Haya, chukua thelathini nikupunguzie."

"Nipe ishirini na mbili, halafu unipunguzie kama thelathini."

"Dada wewe, ulinyonyeshwa kwenye mizani?"

Alicheka, akapunguza. Nikahesabu pale pale, nikahesabu tena yalipoteremshwa getini. Ishirini na mbili.

Nilichomeka kigingi katikati, nikafunga kamba, nikazungusha duara. Nikachimba mpaka magotini, nikatoa mizizi, nikamwaga mchanga chini na kuyapanga mawe ukingoni. Mume wangu alirudi kazini akasimama pale na begi lake.

"Tunamzika nani?"

"Atakayeuliza tena."

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, niliwasha moto, mume wangu kasimama kando. Samadi nilikuwa nimeipata kwa mfugaji wa jirani, gunia zima. Moshi ulipopanda nikajisikia mtoto tena, nikamwita mama. Alikuja taratibu, akasimama mbali, mkono juu ya jicho.

"Hili shikome," akasema.

"Ndiyo, mama. Kaa." Kigoda nilishamwekea.

"Nani alikwambia mimi nakaa shikomeni?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Nimekaa kwa babu yako miaka kumi na tisa. Kila jioni nilipeleka ugali pale. Nikapiga magoti, nikaweka, nikarudi jikoni. Hakuna aliyewahi kusema, mama, hebu kaa nawe upate joto. Leo unanikalisha hapo nimfundishe nani?"

Miaka yote ile nilihesabu migongo, sikumhesabu aliyekuwa anapeleka sahani.

Kabla sijamjibu, moto ukanijibia. Paa! Jiwe moja lilipasuka kama bunduki, kipande kikapita juu ya kichwa cha mume wangu kikatoboa ndoo ya kufulia. Kabla hatujajua tukimbilie wapi, la pili. Tulijibanza nyuma ya tangi la maji, watu wazima wawili, mmoja kaishika ndala mkononi. Mama, kwa sababu alikataa kukaa, ndiye pekee aliyekuwa mahali salama. Naye alikuwa anacheka, mkono kaubana kwenye jicho maana daktari alimkataza kutikisa kichwa.

"Mawe ya ziwani!" alisema alipopata pumzi. "Yana maji tumboni! Miaka saba nimekaa nawe mlimani napasua miamba kwa moto, mbele ya macho yako. Hukujifunza kitu?"

Ni kweli. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, tukahamia mjini, na mama akaingia kwenye kundi la akina mama wa kokoto. Mwanza mawe hayajawahi kuisha. Walikuwa wanawasha moto chini ya mwamba, mwamba unalia, unachanika, halafu wanaumalizia kwa nyundo. Kazi yangu ilikuwa kupanga kokoto kwa ukubwa, mpaka mama aliporudi kijijini. Kwa hiyo nilijua moto unapasua jiwe. Nilidhani tu ni miamba mikubwa, na moto wa magogo. Haya yangu madogo niliyaona ya heshima.

"Na aliyekuuzia hakukwambia?"

"Nilimwambia ni ya maua."

Mama aliondoa mkono jichoni.

"Umemdanganya fundi wa mawe ili akupunguzie."

"Alipunguza, mama."

"Naona," akasema, akiitazama ndoo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni kashajifunga khanga. Tukaenda wote. Yule dada alimsalimia shikamoo, mama akaitikia, halafu akamshika mkono wa kushoto na kuugeuza. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi.

"Nyundo ya kilo ngapi?"

"Mbili, mama."

"Shika mpini chini zaidi, utapona." Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu mwanangu alikudanganya. Tunajenga mahali pa moto."

"Dada!" Yule muuzaji alishika kiuno. "Si ungesema? Ningekupa haya meusi. Na bei yake ndogo!"

Kuna siku mfanyabiashara anatazama viatu vyake.

Mama aliketi kwenye lundo la mawe meusi, akawa anachukua mawe mawili mawili, anayagonganisha karibu na sikio. Linalolia kama kengele anaweka kulia. Linalolia kama boga anatupa. Nikaanza kuhesabu kwa sauti.

"Usihesabu, unaniziba masikio."

Nikahesabu kimoyomoyo. Alichukua kumi na nane.

Tulijenga mchana ule. Aliniagiza udongo wa kichuguu, tukaukanda na majivu na majani makavu yaliyokatwakatwa. Kisha akaingia shimoni, akakaa chini kabisa, miguu kainyoosha, akawa anapanga mawe moja moja na kuyapaka udongo. Mtu hawezi kupanga duara la mawe amesimama. Niliona alipokaa, nikaona na yeye kaona, nikampa jiwe lingine.

Alichosema ni habari za mlimani. Kwamba mwamba ukishapasuka, chini yake hubaki majivu ya moto, nao walikuwa wanafukia viazi vitamu. Kwamba mimi nilikuwa nachagua kikubwa nikiwa nimekipima kwanza kwa mikono miwili, kulia na kushoto, mpaka akina mama wakanipa jina la karani. Nilikuwa nimesahau. Miaka ile nilikuwa nimeiweka kwenye fungu la shida, nikafunga mdomo wa gunia. Nikakumbuka ganda la kiazi lililoungua, vidole vyeusi, ziwa kule chini likiwaka jua, na mama akiwa amekaa karibu na moto, anakula kama sisi wote. Nilikuwa nimetamani moto wa babu miaka yote hiyo, na nilikuwa nimekaa kwenye moto mwingine.

Saa kumi hivi alinawa mikono. Tiketi yake ya kesho ilikuwa kwenye mkoba wangu. Aliutazama udongo.

"Huu usiuwashie moto mkubwa kabla haujakauka. Utachanika, uje ununue mawe mara ya tatu."

"Utakauka lini?"

"Wiki mbili."

Nikatulia kabisa. Kila mtu wa sokoni anamjua mteja aliyekwishaondoka halafu akageuza shingo. Ukitabasamu, umempoteza.

"Kwa upepo huu wa ziwani, mama, wiki mbili hazitoshi. Sema mwezi."

"Wiki tatu."

"Na wa kuuangalia ni nani? Mimi nashinda Igoma."

Alinitazama kwa lile jicho jipya, linaloona kuliko nilivyopenda.

"Nilijua utafika hapo," akasema. "Kabadilishe hiyo tiketi. Mbuzi nitampigia jirani. Itabidi nipige kelele."

Nilienda Nyegezi siku hiyo hiyo, kabla hajahesabu upya. Jioni zile aliwasha moto mdogo, wa kukaushia tu, akakaa upande usio na moshi, na sahani yake alikuwa anapelekewa na mume wangu.

Wiki tatu zilipotimia alitia mkono chini ya mawe, akapapasa, akasema huku chini bado kuna unyevu. Nikatia mkono wangu pale pale. Palikuwa pakavu kabisa.

"Kweli, mama," nikamwambia. "Pana unyevu."