Kibao cha Msumari wa Tano

Haya, nyie wa nyuma sogeeni, na wewe unayetafuna muhogo tafuna polepole, maana hii ya leo siisemi mara mbili.

Enzi za Ujamaa mie nilikuwa tarishi kwenye ofisi ya shamba moja kubwa pale Kibaha, mwendo kidogo toka Kwa Mathias. Nilikuwa na mbio bwana, nikitoka ofisini kivuli changu kinanifuata na basi la kesho yake. Simu ilikuwa moja, shamba halina mwisho, na karatasi zilikuwa zimeadimika kuliko sabuni, na sabuni yenyewe tulikuwa tunaiota.

Kwa hiyo karani akipokea simu anaandika kwa chaki kwenye kibao, anakitundika ukutani. Misumari mitano, vibao vitano. Wa kwanza wa pampu ya maji, wa pili wa ghala la korosho, wa tatu wa gereji, wa nne wa zizi. Wa tano ni wa watu wengine wote, na huo karani ananiambia kwa mdomo nimpelekee nani. Mie nabeba, mwenyewe anasoma, nafuta, narudisha. Karani akiona kibao kitupu anajua ujumbe umefika, anaandika mwingine. Vikijaa vyote, simu ikilia anamwambia mtu apige siku nyingine.

Mnaona wenyewe, kazi hiyo haikutaka kusoma. Na mie sikujua kusoma. Darasa la watu wazima lilikuwa nyuma ya ghala palepale, nikipita nawatania wazee wanavyopigana mieleka na herufi, wanacheka mpaka chaki zinawadondoka. Karani hakujua. Kazi niliipata kwa kuapa kwamba nasoma hata mwandiko wa daktari.

Jumanne moja asubuhi nilimpelekea bwana shamba kibao cha msumari wa tano, nikakirudisha bila kukifuta. Karani akawaka.

"Ndugu tarishi, hiki unakiweka ukumbusho? Watu wanapiga simu sina pa kuandika."

"Nikirudi nafuta, bwana karani." Nimeshafika mlangoni na kibao cha pampu.

Huku nyuma karani hakunisubiri. Akakifuta mwenyewe, simu ikalia, akaandika mengine, akakitundika palepale, akaenda kula. Narudi, naona chaki msumari wa tano. Kwangu mie maandishi yote yalikuwa mamoja, kama kuku kapita kwenye majivu. Nikajua ni yale ya bwana shamba. Nikatema mate, nikapitisha kiwiko, kikang'aa. Na mluzi nikapiga.

Karani alivyorudi akakitazama kibao, akanitazama mie, akasema taratibu, "Ukitaka ruhusa, sema tu."

"Ruhusa ya nini? Mie mtanizika hapahapa."

Akarudi mezani kwake. Kumbe moyoni ananiona nina roho ngumu.

Ijumaa akaingia binamu yangu toka kijijini kwetu Chole, nguo zote vumbi. Hakusalimia mtu.

"Mama yako tumemzika jana. Siku tatu anatazama mlango. Ulikuwa na kazi gani wewe?"

Kabla sijafungua mdomo karani akasimama. "Lakini nilimwandikia Jumanne. Mama hali mbaya, njoo leo. Na kibao alikifuta mwenyewe, ndiyo nikajua kasoma."

Chole nilifika siku ya pili, watu bado wako matangani. Nikakaa mkekani, nikawaambia yote kama nilivyowaambia nyie, ila bila ule mluzi. Kwamba niliwadanganya ofisini, kwamba sijui hata jina langu likiandikwa linafananaje. Mtu mzima mie, nalia kamasi mpaka mdomoni, na hakuna aliyenipa hata kitambaa.

Shangazi yangu alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Sisi tulitaka kutuma mtu akufuate kwa miguu. Mama yako ndiye aliyekataa. Kasema pigeni simu waandike tu, mwanangu siku hizi anasoma, kaniambia mwenyewe."